Maabara ya Bati la Bluu

Haya, huyo mteja kaondoka. Anataka shada la kumvalisha mtoto wa mahafali lakini bei anataka ya kamba ya mbuzi. Tuendelee, Mama Eva, kabla hajatokea mwingine. Nilikuwa nimefika kwenye keki, siyo? Eeh. Keki imetoka kule Mpemba kwa bodaboda, imepakiwa ghorofa tatu, imefika ghorofa mbili, ile ya juu imelala begani kwa dereva Dennis. Lakini ikakatwa hivyohivyo. Watoto wakalishana, wakapakana krimu puani, wazazi wakatoka kwa kucheza kuja kuwavalisha mashada yangu ya pipi na karatasi za kung'aa. Nimeuza yote, shoga, yamebaki haya unayoyaona. Halafu akaletwa mbuzi mzima wa kuchoma, kasimamishwa na majani mdomoni utafikiri anahojiwa.

Sasa wewe ulikuwa Vwawa, umekosa. Uhondo haukuwa mbuzi. Uhondo ulianza kwenye risala.

Risala kasoma Sekela, huyu wa mdogo wangu Ferista ninayeishi naye. Hakuzunguka. Kasema, mgeni rasmi, mtihani wa taifa ni mwezi ujao, kuna praktiko ya kemia, na sisi lile bomba la kioo la kupimia tindikali tumelionea ubaoni tu, limechorwa kwa chaki, likifutwa na somo limefutika. Maabara tuliahidiwa tuko kidato cha kwanza, tunaomba tuione kabla hatujaondoka. Basi. Akakunja karatasi. Na wewe unajua yule mtoto anataka uuguzi tangu marehemu bibi yake alipolazwa. Bila kemia hakuna uuguzi, hilo hata mimi nalijua.

Mwalimu Gwalugano wa kemia anaangalia viatu vyake.

Ndipo akasimama mgeni rasmi, Mheshimiwa Ombeni, kaja kutoka huko Vwawa na suti nzito kwenye jua hili la Oktoba la Tunduma. Cheo chake MC alikisoma kwa awamu mbili akapumzika katikati: Mratibu wa Uratibu wa Miundombinu Wezeshi ya Elimu. Ngoja nikusemee kama alivyosema yeye. Mimi shule niliishia la nne, lakini masikio yangu yana digrii. Usinikatize. Akagonga kipaza sauti, puf puf, akaanza:

"Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule; ndugu Makamu Mwenyekiti wa Bodi; ndugu Katibu wa Bodi, ambaye ndiye mwenye hiki kiti nilichokalia; Mkuu wa Shule, Makamu Mkuu wa Shule, mwalimu wa zamu; waheshimiwa mliofika, waheshimiwa mliotuma udhuru, na waheshimiwa mnaosema mko njiani wakati tunawasikia mko nyumbani; wachungaji, mapadre, na mzee wa kanisa aliyetuombea sala ndefu iliyokula muda wangu; wazee wa mila; kamati ya chakula, mpo? (Mpoooo!) Mbarikiwe; dereva wangu, mke wangu ambaye hakuweza kufika, ndugu zetu mliovuka kutoka ng'ambo, mwapoleni mukwai! (Mwapoleni! wakaitika akina mama wanaouza kapenta, wale dagaa wa ng'ambo, kule nyuma, wakapiga na vigelegele, maana mtu akikosea salamu yao wanamsamehe, akiipatia wanamwoza.) Wazazi, walezi, wageni waalikwa, wageni mliosikia muziki mkaingia, na ninyi wenyewe wahitimu watarajiwa, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja basi ajihesabu ametajwa na ajisikie vizuri.

"Kabla sijaanza kuzungumza, naomba nianze kwa kuzungumza kidogo kuhusu mazungumzo yangu. (Mkuu wa Shule kacheka peke yake, akaona amecheka peke yake, akakohoa.) Nimesimama mbele yenu nikiwa na mafuriko ya furaha, furaha ambayo sisi wataalamu tunaiita furaha shirikishi, kwa sababu mahafali si keki, na mahafali si mbuzi, ingawa mbuzi nimemwona na kamati ihakikishe paja la kulia halisogei kutoka upande huu wa meza kuu, mahafali, ndugu zangu, ni intavensheni. Ni pale ambapo mhitimu anakutanishwa na stekiholda wake, yaani mzazi, ndani ya framuweki moja, yaani turubai hili, ili kwa pamoja watazame nyuma tulikotoka, mbele tunakokwenda, na pembeni tunakopitia. (Makofi. Mzee Abrahamu, jirani wa shule, kageuka kutazama pembeni kweli, akaona masufuria yanapitishwa, hakurudisha tena shingo.)

"Nimeziona desturi zenu na nimezifanyia tathmini nikiwa nimekaa. Nimeona mmekuja kwa msafara wa bodaboda na honi kuanzia stendi, mpaka malori ya foleni ya mpakani yakadhani foleni imefunguliwa. Nimeona majoho ya kukodi, mengine yamewazidi, mengine mmeyazidi ninyi. Nimeona mashati yenu ya shule mmechorana kwa kalamu za rangi, mgongo huu umeandikwa 'usinisahau', mgongo ule 'tutakutana chuo', na mgongo mmoja una namba ya simu, huyo mwenye mgongo nitaomba mwalimu wa nidhamu abaki naye. (Filimbi, mbinja, kelele! Wenzake wanaisoma namba kwa sauti, MC naye anaiingiza kwenye simu.) Sisi zamani tulipomaliza hatukukatiwa keki. Tulipewa jembe, tukaambiwa shamba liko kule. Leo mtoto wa mkulima wa kahawa wa Mbozi na mtoto wa mchuuzi wa Tunduma analishwa keki na mzazi wake hadharani bila woga, na mimi nasema haya ni maendeleo, na maendeleo yana mwenyewe. Mwenyewe ni nani? (Mkuu wa Shule kamnyooshea kidevu yeye.) Mimi sipendi kujisifu, ndiyo maana nimemwachia Mkuu wa Shule aninyooshee kidevu.

"Takwimu, na hizi takwimu nimeziandaa kwa mkono wangu ndani ya gari kati ya Vwawa na hapa, zinaonyesha kwamba kiwango cha furaha ya wahitimu katika ukanda huu kimepanda kutoka asilimia kumi na mbili hadi kufikia asilimia mia moja na nne, na hizo nne zilizozidi tumekubaliana zipelekwe Galula ambako bado kuna upungufu. (Makofi marefu. Bwana mmoja jirani yangu, anatoka Galula, kaniuliza pole pole, 'Zinaletwa na nini, pikipiki?')

"Nije sasa kwenye risala. Binti amesoma vizuri, ametoa sauti, ana heshima, nimempenda. Lakini amesema hawana maabara. Narudia ili iingie kwenye kumbukumbu: amesema hawana maabara. Sasa mimi nauliza kama mzazi, siulizi kama kiongozi. Binti, simama. Una macho? ('Ninayo, Mheshimiwa.') Yanaona? ('Yanaona.') Geuka utazame kule kwenye kilima, juu ya ile mikaratusi. Unaona nini? ('Naona jengo lenye bati la bluu.') Makofi kwa binti! (Yakapigwa matatu manne, ya kamati ya chakula.) Lile, ndugu zangu, ndilo Maabara Jumuishi ya Sayansi, mradi ambao niliubuni mimi, nikauratibu mimi, nikauratibia uratibu wake mimi, na ambao kwa lugha ya kitaalamu implimentesheni yake imefikia asilimia tisini na tisa nukta tisa, na kilichobaki ni kitasa!"

(Mama Eva! Nani mzaliwa wa hapa asiyelijua lile bati? Bikoni ya mpaka iko huku chini kabla ya mikaratusi, bati liko kule juu. Ile ni Nakonde. Ile ni shule ya wenzetu Wazambia, tunaisikia kengele yao asubuhi kabla ya yetu! Sekela anapita pale kila akienda kwa shangazi yake. Mtu wa kuja tu, akitazama kutoka hapa shuleni, ndiye anaweza kuona yote ni kilima kimoja. Roda wa kapenta kashindwa kuvumilia, kasimama na kitenge chake: 'Mheshimiwa! Hiyo ni Zambia!')

"Nimesikia sauti ya mama inasema hiyo ni Zambia. Asante mama, usikae. Unauza nini? ('Kapenta.') Unazitoa wapi? ('Ng'ambo.') Zikishafika kwenye meza yako ni kapenta za nani? ('Zangu.') Umejijibu mwenyewe! (Hapo watu walicheka, siwezi kukudanganya. Roda mwenyewe kakaa anacheka, halafu kaanza kufikiri, akaacha kucheka.) Ndugu zangu, tusiwe watu wa fikra za bikoni. Katika zama hizi za mtangamano, za sineji ya kuvuka mipaka, mtaalamu haangalii jengo limesimama wapi, anaangalia jengo linaonekana kutoka wapi. Na lile linaonekana kutoka wapi? (Hapaaa! wakaitika wanafunzi, unajua wamezoea kuitika.) Linamwaga kivuli upande wa nani? (Wetuuu!) Basi ni la nani?"

(Hapo hakuitika mtu. Akajiitikia: 'Letu!')

"Na msidhani nasema kwa kusikia. Mimi nimelikagua. Nilifika pale na timu yangu tukiwa na kofia ngumu za ujenzi. Ndani mna meza ndefu za vigae, mna masinki, ukifungua bomba maji yanatoka, mna makabati yenye vioo na hayo mabomba ya tindikali aliyoyataja binti yamepangwa kama chupa za soda. Niliyaona kwa macho yangu mawili kupitia dirishani, kwa sababu siku hiyo mlango ulikuwa umefungwa na mlinzi alikuwa anatusemesha Kibemba kwa ukali kidogo, lakini tulielewana, kwa sababu tuliondoka.

"Ili kuondoa wingu la shaka, leo hii tutakata utepe. Utepe mnauona pale nyuma ya turubai, umefungwa kwenye miti miwili. (Watu wote wakageuka. Miti miwili kweli, utepe mwekundu, na nyuma ya utepe mabua ya mahindi makavu yanapigwa na upepo. Mzee Abrahamu ndipo akaamka: 'We kijana! Mbona miti yenu mmechimbia shambani kwangu?') Nashukuru mzee ametambua mchango wake. Mzee, lile si shamba tena, lile ni korido. Wanafunzi watapita kwenye korido hiyo wakielekea maabara, na wewe utaingia kwenye vitabu kama mlinda lango wa sayansi. ('Nitapanda wapi karanga?') Pembeni, mzee, pembeni tunakopitia."

(Mama, nilicheka mpaka shada likakatika uzi. Lakini nikamwangalia Sekela, yeye hacheki. Kasimama bado, maana aliambiwa simama na hakuna aliyemwambia kaa. Akanyoosha mkono. MC akataka kumpita, mtoto akaanza kusema bila kipaza sauti: 'Mheshimiwa, samahani. Kwa hiyo tukienda leo, tutaruhusiwa kuingia?')

"Leo! Binti anauliza leo! Si mnaona ari hiyo? Nani wa kumzuia mwenye mali asiingie kwenye mali yake? Nendeni hata leo, nendeni hata na hayo majoho yenu, mkayashike hayo mabomba mpaka mikono ichoke. ('Na mlangoni tukizuiwa?') Semeni mmetumwa na Ombeni. ('Na bikoni, Mheshimiwa? Hatuna pasi za kuvukia.') Joho lako ndiyo pasi, binti! Elimu haina mpaka, hilo liandikwe! (Makofi, safari hii ya kweli, ya darasa zima, wanagonga viti. Sekela akasema 'Asante, Mheshimiwa,' akakaa, macho kule kilimani. Mimi namjua yule mtoto. Akikaa hivyo ujue keshaondoka.)

"Na sitaishia hapo. Awamu ya pili tutaleta bwawa la kuogelea kwa ajili ya somo la vitu vinavyozama na vinavyoelea. Awamu ya tatu basi la sayansi, litakalokuwa linazunguka likiwa na mwalimu wa fizikia ndani yake, akitoa mafunzo kwa vitendo kila dereva akifunga breki. Naunda pia, kuanzia dakika hii, Kamati ya Kudumu ya Ulishanaji wa Keki, kwa sababu nimebaini kuna wahitimu wamelishwa na wazazi wote wawili, na shangazi, na jirani, na kuna wengine wamelishwa na mwalimu wa zamu tu, na hali hii inatengeneza gepu. Kamati itakaa Vwawa, itafanya fizibiliti, itaangalia impakti ya krimu, na italeta mapendekezo endelevu wakati wahitimu hawa wakiwa tayari na watoto wao. (Mama mmoja: 'Mheshimiwa, chakula kinapoa!' Kamati ya chakula ikampigia makofi yeye.)

"Nawasikia, namalizia. Sasa nataka tupige kauli mbiu, na tuipige tukiwa tumesimama, hata ndugu zetu wa kule kwenye kilima waisikie. Nikisema 'Maabara!' mnaitika 'Ipo!' Tuko pamoja? Maabara! (Iko wapiii?) Hapana, hapana. Ipo! Maabara! (Ng'ambooo!) Naona njaa inawachanganya. Tujaribu nyingine. Miundombinu! (Wezeshiii!) Hapo sawa. Uratibu! (Uratibiweee!) Bati la bluu! (Nakondeee! Roda huyo, kasimama juu ya kiti.) Mama wa kapenta, nitakuja kwenye meza yako, nitanunua, tutayamaliza.

"Na mwisho kabisa, na huu ndio mwisho wenyewe wa mwisho, shukrani, kwa sababu mimi nimelelewa, na mtu aliyelelewa hawezi kushuka jukwaani bila kushukuru kila aliyemfikisha hapo, hata mmoja nikimwacha silali. Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru fundi Danieli, aliyetuchorea ramani nzuri sana ya maabara ya shule hii, ramani ambayo kwa bahati mbaya ilinyeshewa kwenye gari tukabaki na kona yake moja, ile yenye choo. Naishukuru kamati ya ujenzi, ambayo imekaa vikao mpaka viti vikachoka, na ikafikia azimio la pamoja kwamba tofali la kwanza lisiwekwe mpaka lipatikane la pili. (Hapo, Mama Eva, watu wakaanza kutazamana.) Nawashukuru kwa namna ya pekee ninyi wazazi, akina mama mliosomba mchanga na kokoto kwa ndoo vichwani Jumamosi kwa Jumamosi, mchanga ule ulikuwa safi, ulifika salama, na yeyote atakayepita Vwawa akaribie kwangu auone, umetulia vizuri kwenye baraza. (Mama, mgongo wangu huu! Mimi nilisomba! Na wewe ulisomba!) Namshukuru Mkuu wa Shule ile ya ng'ambo, mtu muungwana, aliyekubali tusimame mlangoni kwake kidogo tupige picha za taarifa, akatuomba tu tusikanyage maua yake na tusichelewe kuondoka kwa kuwa watoto wake wanasoma. Namshukuru mpiga picha aliyehakikisha kibao chenye jina la shule hakionekani. Namshukuru Mzee Abrahamu, ambaye ameendelea kulilima eneo la mradi miaka yote hii ili lisikae wazi likatutia aibu. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi wahitimu, vijana wavumilivu, mliosoma miaka minne bila maabara na hamkulalamika mpaka leo. Maana mngelalamika mapema, ingetulazimu kuijenga. Natotela sana. Asanteni kwa kunisikiliza."

Basi. Akafunga kifungo cha koti, akakaa. Unasikia upepo unavyochezea turubai, pa, pa, pa. Nikwambie, yule bwana hakujua amesema nini. Wala! Kainama kwa Mkuu wa Shule, namsikia, mimi niko nguzo ya kwanza, anauliza, "Imekaaje?" Mkuu wa Shule anamjibu, "Imekaa, Mheshimiwa." MC kakurupuka kaweka muziki, kaweka ule wa harusi. Utepe ukakatwa, mkasi haukati, akaunyofoa kwa mkono. Wakamfungia lile paja la mbuzi kwenye karatasi ya fedha, akapanda gari, vumbi tu.

Wazazi ndio wakaanza sasa. Huyu anadai mchanga wake, yule anadai kokoto, Mzee Abrahamu anang'oa ile miti na utepe anautia mfukoni, anasema atafungia kuku. Mdogo wangu Ferista kakaa pale na sahani ya wali hajaigusa. Namwambia kula mdogo wangu, ananiambia, "Dada, mwezi ujao mtoto anawekewa chupa mbele yake, atafanya nini? Atachora chaki?" Nikamfunikia sahani yake isiingie vumbi, Mama Eva.

Mwalimu Gwalugano nimemwacha kazungukwa na watoto kule nyuma ya jiko, wote na majoho yao, Sekela katikati anaongea na mikono. Nikadhani wanapanga picha ya mwisho. Mimi nikabeba mashada yangu nikaja huku barabarani, si unajua kesho kuna mahafali ya wale wa...

"Mama Ipyana! Mama Ipyana wee! Panda, panda!"

Na huyu Dennis naye na pikipiki yake. Kuna nini, mbona unahema kama umeisukuma?

"Sekela na wenzake wamevuka! Darasa zima, na majoho, wamepita kwa mstari mmoja kwenye bikoni kama kwaya. Ticha Gwalugano mbele!"

Mungu wangu. Wamekamatwa?

"Walisimamishwa mlangoni. Mlinzi anawauliza nani kawatuma, wakaitika wote kwa pamoja, Ombeniii! Mlinzi akacheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu wa kule alikuwemo ndani anaandalia watoto wake mtihani, akatoka kuona kelele. Amewafungulia, mama! Kasema waingie kwa zamu, wavue hayo mashada ya karatasi yasije yakashika moto. Ila anataka mzazi mmoja wa huku asimame nao, asije akaambiwa kaiba watoto wa watu. Sekela kakutaja wewe."

Na Ferista je?

"Mama Sekela yuko njiani, anatembea, analia huku anatembea. Wewe panda bwana. Zamu ya kwanza imeshaanza, Sekela keshapewa lile bomba la kioo, kalishika kwa mikono miwili hivi, anaogopa kufungua koki yake."

Anaogopa nini? Mpigie! Mama Eva, nishikie haya mashada, mteja akija mwambie bei ni ileile. Dennis, usizime, nakuja. Mpigie mwalimu wake, amwambie Sekela afungue! Afungue, nakuja!